Kabla ya bastola kiunoni, funga kwanza kilo ya misumari

Tangu nistaafu Jeshi la Polisi nimekuwa mshauri wa silaha wa ukoo mzima bila kuteuliwa na mtu. Nafuga kuku hapa Rau, Moshi. Mtu anakuja kama anayetaka trei ya mayai, anauliza bei ya kuku wa nyama, anasifia banda, anashika geti la kutokea, ndipo anatoa la moyoni: "Afande, nikitaka mguu wa kuku naanzia wapi?" Na si mguu wa kuku wangu anaoutaka, ni bastola.

Nimeshamjibu mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kiborloni, wakala wa pesa wa Mbuyuni, mama mwenye gesti njia ya Himo, na shemeji yangu dalali wa madini Arusha, anayeona aibu kwamba kwenye meza yao ya jioni ni yeye tu asiye nayo. Sasa naliandika, wanaokuja waje kwa mayai.

Sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikaa ghala la silaha. Bastola za raia zilipita mikononi mwangu: za wanaosafiri wakaziacha kituoni, za marehemu, za waliofutiwa leseni, za vielelezo. Muuzaji anaiona silaha siku ya harusi. Mimi nilikuwa naiona baada ya ndoa. Kwa hiyo nisome kama mtu wa upande huo.

Tuelewane jambo moja mapema. Kumiliki silaha iliyofungiwa nyumbani na kutembea nayo imefichwa kiunoni ni maamuzi mawili. Watu wanaomba la kwanza huku kichwani wana la pili. Hapa nazungumzia la pili.

Hofu yako ina saa ngapi?

Kabla ya bastola, namwambia mtu anieleze hofu yake kama anaandikisha maelezo kaunta: saa ngapi, wapi, nani yupo, mikononi una nini. "Wizi umezidi" si maelezo. Mangi wa Kiborloni, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alipotulia na kueleza vizuri, hofu yake ilikuwa na dakika zake. Anafunga duka saa moja na nusu usiku, mauzo yako kwenye mfuko mweusi chini ya kiti cha gari, anafika kwake, anapiga honi, anasubiri kijana aje kufungua geti. Hapo kwenye kusubiri ndipo roho inaporuka.

Haya, tukaiweka bastola hapo. Amekaa, mkanda wa gari umempita kiunoni, amevaa sweta kwa sababu ni Julai na baridi ya Moshi ya Julai mnaijua, mkono mmoja usukani, mwingine kwenye honi. Wanaokuja wanatoka gizani, kila mmoja upande wake, na walijua wanachokuja kuchukua tangu mchana, maana mara nyingi aliyewapa mchongo anafanya kazi dukani humohumo. Yeye mwenye mali ndiye wa mwisho kujua kwamba tukio limeshaanza.

Hakuamini. Nikachukua futi kamba, nikapima futi 21 kwenye uwanja wa kuku, kama mita sita na nusu hivi. Kipimo hicho si changu. Mwaka 1983 mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City kule Marekani, Dennis Tueller, alieleza kwamba mtu mwenye kisu anaweza kuvuka umbali huo kwa sekunde moja na nusu, na huo ndio muda ambao askari aliyefunzwa anauhitaji kuchomoa bastola kiunoni na kufyatua. Askari aliyefunzwa, bastola ikiwa wazi kwenye ala yake. Mangi nilimpa rimoti ya televisheni, akaichomeka ubavuni chini ya shati na sweta. Mjukuu wangu wa kidato cha pili akasimama mwisho wa futi kamba na mwiko mkononi. Niliwaambia waanze wakati wowote kijana atakapotaka, nikaanza kumuuliza mangi bei ya nondo.

Alikuwa bado anataja bei ya milimita 12 mwiko ulipomgusa tumbo. Tukarudia, safari hii akijua. Akafanikiwa kukamata rimoti, sweta ikaing'ang'ania, betri zikamwagika, kuku wakazikimbilia wakidhani ni mahindi. Mara ya mwisho aliitoa vizuri kabisa, ila mjukuu wangu alikuwa ameshapita na yuko nyuma yake.

Jaribu kwako. Usitumie silaha, usitumie kitu chenye umbo la silaha, na usifanyie mahali ambapo jirani ataona akaelewa vibaya. Rimoti inatosha.

Baada ya hapo hatukuzungumzia bastola tena, tulizungumzia zile dakika. Wateja wakubwa wakaanza kulipia kwa lipa namba. Mauzo ya mchana yakawa yanapelekwa kwa wakala wa benki jirani, saa tofauti kila siku, na wafanyakazi hawaambiwi saa ngapi. Duka likawa linafungwa kungali mwanga. Nyumbani akaweka taa inayowaka yenyewe mtu akikatiza mbele ya geti, na anampigia kijana simu akiwa barabara kubwa ili geti likutwe wazi. Honi imekufa. Mfuko mweusi chini ya kiti sasa una viatu.

Yapo matukio ambayo bastola haiyagusi kabisa. Vijana wa bodaboda wanaokwapua mkoba wakiwa kwenye mwendo: ukishtuka wameshapita mzunguko, na mbele yako kuna wanafunzi na mama muuza ndizi. Majambazi wanaovunja mlango kwa fatuma, lile jiwe kubwa, saa tisa usiku: kama umeitunza silaha inavyotakiwa, iko kwenye sefu, na kama iko chini ya mto, nitakueleza hiyo baadaye. Kibaka wa soko la Mbuyuni hata humuoni.

Na yapo yanayoizidi. Wa huku kwetu hatujasahau Agosti 2013, mfanyabiashara mkubwa wa tanzanite alipouawa mchana, wilayani Hai, kwa bunduki ya kivita. Waliotumwa kukuua hawaji kushindana na wewe nani mwepesi wa kuchomoa. Kama hofu yako ni ya namna hiyo, yaani una mtu mnayegombania mali na umetishiwa, usije kwangu. Nenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ukafungue jalada la vitisho leo, majina yaandikwe. Shemeji wa Arusha hilo nilimwambia mara mbili.

Kilo ya misumari

Sasa tuseme umepima hofu yako na bado unaona inahitaji silaha. Nenda dukani, nunua kilo moja ya misumari ya inchi tatu, itie kwenye soksi nene, funga kwa utepe wa gundi isilie. Bastola ya milimita 9 iliyojazwa risasi inakaribia uzito huo, nyingine pungufu kidogo. Ishonee kifuko, ifunge kiunoni upande ambao ungeweka silaha, vaa nguo zako za kawaida juu yake. Tembea nayo mwezi mzima.

Sharti ni moja: misumari iko mwilini au iko ndani ya kitu kilichofungwa kwa ufunguo ambao uko kwako. Hakuna mahali pa tatu. Si kwenye kiti cha gari, si mezani wakati unakula, si juu ya tangi la choo, si kwenye mkoba ulioning'inizwa kwenye kiti cha saluni. Kila unapovunja sharti, andika kwenye daftari siku na mahali.

Wakala wa Mbuyuni aliyekubali zoezi hili aliniletea daftari kabla mwezi haujaisha. Choo cha baa: aliiweka chini, akaisahau, akairudia mbio. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, mama mmoja akamkumbatia na kumuuliza amevaa nini. Mtoto wake wa miaka minne alimparamia mapajani akaivuta. Kwenye daladala aliyesimama ubavuni kwake aliisukuma kwa kiwiko akidhani ni simu ya wizi. Benki mlinzi alimpapasa, akalazimika kueleza misumari ya nini, na watu foleni nzima wanamsikiliza. Shati lake la kuchomekea akaacha kulivaa, suruali zikaanza kushuka upande. Mwishoni mwa juma la pili aliilaza juu ya friji, kwa kuwa amechoka.

Juu ya friji. Ukiniuliza, hapo ndipo bastola nyingi zinapoishia. Kwa nje mtu mwenye silaha anaonekana shujaa. Kwa ndani ni mtu ambaye hawezi kuvua koti bila kufikiria. Asiyeweza kuishi na misumari hataweza kuishi na kitu ambacho kikisahaulika chooni kinaua mtoto wa mwenye baa.

Ongeza na hili: beba misumari siku yenye pombe. Sheria haitaki mlevi mwenye silaha, na mimi ningesema haitaki hata aliyeonja. Huku kwetu huo ni mtihani mkubwa kuliko tunavyokiri. Kuna kitchen party, sendofu, ubarikio, kuna ndafu inakatwa na kreti zimepangwa ukutani. Siku hizo utaacha wapi silaha? Kama jibu ni "kwenye gari," basi huna jibu. Na Desemba, wenzetu wa mjini wanapopanda Kibosho, Machame na Marangu, mbege ipo, ndugu wote wapo, na kesi ya kihamba, shamba la ukoo, iliyolala mwaka mzima inaamka. Nikiwa kazini, mwezi huo ndio niliouogopa. Silaha iliyoombwa kwa ajili ya jambazi wa Moshi mjini inajikuta katikati ya kaka wawili wanaogombania mpaka wa migomba.

Watu wa ndani

Mwanaume akija peke yake namuuliza mke anajua. Akisema "nitamwambia baadaye," namuuzia mayai anaondoka. Mke, au mume, ndiye atakayelala chumba kimoja na silaha hiyo. Muulize akiwa mbali na wewe, kupitia dada yake au mama mlezi wa ndoa yenu, maana mbele yako atasema sawa. Kama kuna siku uliwahi kumnyanyulia mkono, au ulivunja simu ukutani kwa hasira, maombi yako yaishie hapo. Sina lugha ya upole kwa hilo. Nimepokea vielelezo vya namna hiyo na nguo zilizofungwa pamoja navyo.

Kuna jambo jingine wanaume wa kwetu hawalitamki. Biashara inapoyumba, mikopo ya kausha damu inapogonga mlango, mtu anaacha kula, hasalimii, anakaa kwenye gari lililozimwa. Mtu wa namna hiyo bastola haimpi muda wa kugundulika. Utafiti wa wamiliki wa silaha wa California uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta wanaume wenye bastola walikuwa karibu mara nane zaidi ya wasio nayo katika kufa kwa kujipiga risasi. Ukiwa kwenye kipindi kizito sasa hivi, si wakati wa kuomba. Na kama unayo tayari, ipeleke kituoni itunzwe mpaka upepo utulie. Nilizipokea za namna hiyo na sikumuuliza mtu sababu. Kama mawazo ya kujimaliza yameshaanza kuja, mwambie mtu leo, kisha fika hospitali ya Mawenzi au KCMC ukamwone daktari.

Watoto na dada wa kazi: wanajua. Unadhani hawajui kilichoko chini ya vitenge vya juu kabatini, wanajua tangu juma la kwanza. Sefu ya chuma, imepigwa boliti ukutani, funguo hazilali kwenye droo ya kitanda, risasi zimetengwa. Ya chini ya mto niliyoahidi kuirudia ni hii: mwaka 2016 serikali ilipoagiza uhakiki wa silaha nchi nzima, mzee mmoja mstaafu aliileta yake kwenye kopo la biskuti, imeviringishwa kitenge. Kila aliyekuja tulimsimamisha kwanza kwenye pipa la mchanga, mdomo wa silaha ukitazama ndani ya pipa. Nikatoa magazini. Risasi ya juu ilikuwa na ukungu wa kijani shingoni, kama sarafu iliyokaa kwenye maji. Kwenye chuma, pale jasho la kichwa lilipokuwa linapita kwenye foronya, kulikuwa na kutu ya kahawia yenye alama za nyuzi za kitambaa. Nikamuuliza, "Mzee, chemba ina kitu?" Akasema haijawahi kukokiwa tangu ainunue. Nikavuta sehemu ya juu nyuma kwa nguvu, ilikuwa imeng'ang'ana na pamba za mto, ikaruka risasi moja ikaanguka kwenye mchanga. Mzee aliitazama muda mrefu. Alikuwa ameilalia kichwa chake na cha mkewe kwa miaka.

Sheria haitakufuata mtaani, utaikuta mahakamani

Shemeji yangu mwingine yuko Houston. Anatuma video. Kule Texas tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea asiye na zuio la sheria anabeba bastola bila kibali. Namjibu kwamba Moshi iko Tanzania. Hapa tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na silaha ni kitu unachoruhusiwa baada ya kuomba, kwa sababu utakazozitaja, kwa leseni inayohuishwa, na inayoweza kufutwa.

Kujitetea ni haki. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imeweka hilo kwenye vifungu vyake vya kujitetea. Lakini vinasema nguvu iwe ile ya lazima kwa kujikinga, basi. Ukizidisha na mtu akafa, sheria hiyohiyo inakupeleka kwenye kuua bila kukusudia. Aliyekushikia panga shingoni na aliyegeuka anakimbia na simu yako ni watu wawili tofauti mbele ya hakimu, hata kama ni mtu yuleyule na zimepita sekunde tatu. Risasi ya mgongoni inajieleza yenyewe kwenye ripoti ya daktari.

Na hata ukiwa na haki yote, njia yake ni hii. Polisi wanafika, silaha inachukuliwa kuwa kielelezo, wewe unaandika maelezo. Ukifunguliwa shtaka la mauaji, mauaji hayana dhamana. Yanasikilizwa Mahakama Kuu, lakini yanaanzia mahakama ya chini, unasimama, unasikia "upelelezi haujakamilika," unarudi mahabusu ya Karanga. Ukiwa Arusha, Kisongo. Duka nani anafungua? Ada ya wakili inatoka wapi? Andika majina kwenye daftari lile la misumari. Nilipomwambia dada mmoja afanye hivyo aliandika jina moja, akalifuta.

Moshi ni ndogo pia. Kijana uliyempiga risasi Pasua ana mama, na mama huyo mtakutana kwenye msiba, kwenye jumuiya, kwenye foleni ya KCMC. Nyumba zetu zimebanana. Mlango wa mbao, mabati, hata ubavu wa gari haviizuii risasi ya milimita 9 kama watu wanavyofikiri. Iliyokosa mwizi inaenda kwa mpangaji wa chumba cha pili.

Halafu hili ambalo halitajwi kwenye video za Houston. Kwetu ukivamiwa unapiga yowe, na watu wanakuja. Bodaboda wanakuja na mawe, sungusungu wanakuja na marungu, na gari la doria likiwa karibu linakuja na bunduki. Wote wanafika gizani, na wanamkuta mtu mwenye nguo za kiraia ameshika bastola. Huyo ni nani machoni pao? Ukishika silaha umejiondolea ulinzi mkubwa tulio nao mtaani, yaani watu kujua mara moja nani mwizi na nani mwenyeji. Utafiti wa Philadelphia uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta walioshambuliwa wakiwa na silaha walikuwa na uwezekano wa kupigwa risasi zaidi ya mara nne ya wasio nayo. Philadelphia si Pasua, na huenda waliobeba kule walikuwa na maadui tayari. Ila mimi nimefanya doria, na ningeogopa mwenye silaha ninayemmulika na tochi kuliko mwenye filimbi.

Njia ya mkato, ile ya "kuna jamaa anayo ya bei poa," usiiguse hata kwa utani. Silaha isiyo na karatasi inakupeleka kwenye kesi ya uhujumu uchumi, na kifungo chake kinaanzia miaka 20.

Ukiamua ndiyo

Wapo niliowaambia waende. Mzee wa shamba huko Siha, mbali na kituo, hanywi, amepita jeshi la kujenga taifa, mkewe ndiye aliyekuja naye na ndiye aliyeuliza maswali magumu. Lakini hata yeye nilimshauri ya nyumbani, si ya kiunoni, na alikubali. Mama mwenye gesti nilimwambia aajiri walinzi wa kampuni yenye leseni. Wao wana silaha, mafunzo, na mwajiri wa kubeba kesi.

Anayeendelea anaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, kisha ofisi ya OCD kwa fomu na alama za vidole. Jina linapita kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, anayoiongoza mkuu wa wilaya, linapanda mkoani, ndipo makao makuu. Mjue tu kwamba huko kote mnajadiliwa, na mwenyekiti ana mke, na mke ana shoga. Bastola itafichwa na shati, habari zake hazifichwi na kitu. Wanaotaka silaha wanajua wapi ipo. Kama walivamia vituo vya polisi Ushirombo mwaka 2014 na Stakishari mwaka 2015 ili wapate silaha, sebule yako haiwatishi.

Usinunue kabla hujajua utafanyia wapi mazoezi, chini ya nani, na kwa risasi za nani. Mwenye bastola asiyefyatua hata mara moja kwa mwaka huyo nilishamwona kwenye kopo la biskuti. Ala iwe ngumu, inayofunika kifyatulio chote. Mfukoni bila ala na kwenye mkoba pamoja na funguo, hapana. Ukisimamishwa barabarani na askari, mikono juu ya usukani, sema kwa mdomo una silaha yenye leseni na iko wapi, halafu subiri aseme yeye. Usiinyooshee mkono kumwonyesha. Ikipotea, toa taarifa kituoni saa hiyohiyo, usingoje kuitafuta kwanza kimyakimya.

Shemeji wa Arusha bado hajaamua. Misumari aliibeba siku mbili, akasema inamchafulia shati.

La mwisho ni la wajane, maana nao wanakuja. Baba amefariki, kabatini kuna bastola. Leseni ilikuwa yake, haikurithiwa na nyumba. Usiichomoe kuangalia kama ina risasi, usiipeleke mwenyewe kwa daladala, usimpe kijana wa bodaboda kwenye mfuko. Iache ilipo, funga chumba, chukua cheti cha kifo na leseni ya marehemu, nenda kituoni useme ilipo, waje askari waichukue. Wakiichukua wakuandikie hati ya mapokezi yenye aina ya silaha, namba yake na idadi ya risasi. Msimamizi wa mirathi ataihitaji. Soma namba iliyoandikwa na namba iliyo kwenye chuma, wewe mwenyewe, zote mbili. Zikitofautiana hata tarakimu moja, usimruhusu askari aondoke mpaka amerekebisha.